Kikohozi Upande wa Pili wa Migomba

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Kisondela na begi moja, vyeti ndani ya bahasha ya kaki, na ile tabia yangu ya kuwaza jambo mpaka linapoteza umbo. Ilikuwa miezi ya ukungu. Asubuhi ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unaingia kwenye migomba na kukaa humo mpaka saa nne, nami nilikuwa nakaa mlangoni na kikombe cha chai nikiutazama, nikijiambia kwamba nikimaliza kikombe hiki nitaamua. Chai ilikuwa inapoa kabla sijafika nusu.

Jambo lenyewe la kuamua lilikuwa limepangwa ukutani, chini ya ukingo wa bati. Miche arobaini ya parachichi, zile za kisasa wanazotafuta wanunuzi wa nje, kila mmoja ndani ya kiriba chake cheusi. Kaka yangu, anayefanya kazi Mbeya mjini, aliileta kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, wiki ileile niliyorudi. Hakukaa hata saa moja. Alinyoosha kidole kwenye migomba iliyo kati ya nyumba yetu na nyumba ya Babu, mzazi wa marehemu baba yetu, akasema ile migomba imezeeka, ing'olewe yote, parachichi ziingie kabla mvua hazijapungua. Mama alimsikiliza huku akimenya ndizi. Kaka alipoondoka, Mama aliweka kisu chini, akanitazama.

"Wewe ndiye umesoma," alisema. "Utakachoamua, ndicho."

Angesema kata, ningekata. Angesema acha, ningeacha na kushukuru. Alinipa shamba zima mkononi, mimi ambaye chuoni nilikuwa nasimama kwenye foleni ya chakula nikiwaza wali au ugali mpaka walio nyuma yangu wananipita.

Basi nikaanza kuomba ushauri. Mwenye duka la pembejeo pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliniambia huku akipima mbegu za kabichi kwamba ndizi ni ya tumbo na parachichi ni ya maisha, na kijana aliyesoma asiishi kwa ajili ya tumbo. Nilitoka dukani nikiwa nimeshaamua. Bodaboda aliyenirudisha nyumbani alinigeuza kabla hatujafika hata daraja la kwanza. Alikuwa anageuza shingo kwenye manyunyu kunisimulia habari za shemeji yake wa Masukulu, aliyefyeka migomba yote akapanda parachichi, na sasa kila Jumamosi anashuka sokoni kununua ndizi za kupika. "Mnyakyusa ananunua ndizi, dada," alisema, "umeona wapi?" Alicheka peke yake mpaka pikipiki ikayumba.

Bwana shamba wa kata alikuja, akaangalia, akasema eneo ni zuri, nipime hatua saba kutoka mche hadi mche, mistari inyooke, jua lipite. Mwalimu wa kwaya kanisani alisema niombe kwanza. Rafiki yangu wa chuoni, ambaye tulikuwa tunalala chumba kimoja, nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Alinijibu kwa sekunde kumi: "Shoga, shida yako siyo migomba. Unaogopa kukosea. Kosea basi, upumzike."

Nilinunua daftari. Upande mmoja wa ukurasa nikaandika sababu za kukata, upande wa pili sababu za kuacha. Kivuli, mboji, upepo, fukusi wa migomba, bei, chakula cha nyumbani, mmomonyoko, umri wa Mama, umri wangu. Nilifikisha sababu thelathini na moja. Kila asubuhi nilikuwa napita kwenye miche ile, naigusa majani, naomba radhi kimoyomoyo, narudi kwenye daftari.

Katika sababu zote hizo moja haikuwepo. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Kwa wazee wetu, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Hampiti mbele, hakai alipokaa, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanamke anashuka kwenye majani, anajifunika khanga kichwani na kugeuka mpaka mzee apite. Wengi wameshaacha. Kanisa lilisema zamani kwamba hakuna ubaya kusalimiana, na mjini mkwe na mkaza mwana wanakaa kochi moja wakiangalia taarifa ya habari. Mama na Babu hawakuacha. Waliishi hatua hamsini kati yao, wakitenganishwa na migomba tu, na chakula cha Babu, kilichopikwa na Mama kila siku, kilipelekwa na mtu mwingine. Tangu nikiwa na miaka sita mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipokuwa chuoni jirani mmoja alinishikia nafasi, na niliporudi, hata kabla sijafungua begi, Mama alinipa bakuli la mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, lenye sahani juu yake, kama vile nilitoka jana.

Njia ile ya kwenda kwa Babu nimeiota hata nikiwa mbali. Inaingia kati ya migomba na kupinda kushoto, inapinda kulia, inapinda tena, na majani makavu yanaongea chini ya miguu. Katikati yake, kwa hatua kama kumi, huoni nyumba yetu ya juu wala ya Babu ya chini. Kuna mwanga wa kijani tu, na harufu ya udongo ambao haujawahi kukauka. Utotoni nilikuwa nasimama hapo na bakuli la moto mikononi, nikidhani kama sitasogea, dunia nayo haitasogea. Sikuwahi kujiuliza kwa nini njia fupi namna ile ilihitaji kupinda mara tatu.

Tena nikiri jambo. Mwaka wa pili chuoni niliandika karatasi kuhusu mila zinazowakandamiza wanawake wa vijijini. Nilitoa mfano wa mwanamke mmoja, bila kumtaja, aliyeishi miaka na miaka akijificha asionwe na mkwewe. Nilipata alama za juu darasani. Nilimtumia kaka nakala kwa simu ili ajivunie.

Siku niliyoamua haikuwa na sababu ya pekee. Ukungu uliwahi kuondoka, Mlima Rungwe ukaonekana wote mpaka kileleni, nami nikachukulia hiyo kuwa ishara. Nilimwambia Mama kwamba nakata. Aliitikia, "Haya," akaingia jikoni. Nilifunga kamba kwenye kigingi mbele ya mlango wetu, nikaivuta moja kwa moja mpaka karibu na kibaraza cha Babu ili mstari wa kwanza unyooke kama alivyosema bwana shamba, nikaanza kufyeka katikati ya migomba, kutoka kwetu kwenda chini.

Mgomba haukatiki kama mti. Panga linaingia kama kwenye mkate uliolowa, maji yanaruka, na shina linainama taratibu, linalala juu ya wenzake bila kelele. Nilikata mpaka nguo zikawa nyeusi kwa utomvu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kichwa changu kilinyamaza. Kila mgomba ulipolala, mwanga ulishuka mahali ambapo haukuwahi kufika, juu ya udongo mweusi na juu ya uyoga mdogo mweupe uliokuwa umejificha hapo muda wote, nikahisi kama nafungua madirisha ya nyumba ya zamani.

Nilipoinua uso nilimwona Babu. Alikuwa amekaa juani kwenye kigoda chake, mbele ya nyumba yake, wazi kabisa, kana kwamba alikuwa amekaa kwenye uwanja wetu. Niligeuka kumwita Mama aone kazi yangu. Mama alikuwa anaanika nguo. Alikuwa ameshaona. Alivuta khanga ikafunika kichwa chote, akaacha shuka moja ikining'inia kona moja kwenye kamba, akazunguka nyuma ya nyumba. Niligeuka tena upande wa Babu. Kigoda kilikuwa hapo, Babu hayupo.

Siku tatu zilizofuata nilizitumia kuwaza kwamba Mama amenikasirikia. Hakutoka tena mbele. Alianika nguo nyuma, karibu na banda la nguruwe, mahali pasipofika jua. Kwenda bombani alizunguka kwa njia ya chini, ndefu, yenye utelezi. Ndizi alimenyea ndani ya jiko, kwenye moshi. Nilimuuliza kama kuna tatizo, akasema hakuna, niendelee na kazi yangu. Nilimtumia rafiki yangu ujumbe mwingine wa dakika sita. Safari hii hakujibu.

Siku ya nne nilimkuta Babu na yeye amekaa nyuma ya nyumba yake, ametazama zizi la ng'ombe, amevaa koti lake zito na kofia ya sufu. Alikuwa amezoea kunitania kila ninapomletea chakula, na siku hiyo hakuacha.

"Mke wangu mdogo, leo umechelewa. Au umepata bwana mwingine huko Tukuyu?"

Nikamwambia wanaume wa Tukuyu hawana ng'ombe. Alifurahi. Kisha nikamuuliza kwa nini anakaa huku kwenye baridi badala ya kibarazani kwake. Alisema jua limekuwa kali siku hizi, linamuumiza macho. Jua lilikuwa halijaonekana tangu juzi.

Alikula kidogo. Kisha akauliza, akiangalia bakuli, "Mama yako anaanika wapi sasa?"

Nikamwambia.

"Hapo hapana jua."

Ng'ombe akapumua, mvuke ukatoka puani mwake. Babu alipoongea tena alikuwa kama anamwambia yule ng'ombe.

"Ile migomba niliipanda mwaka baba yako alipopeleka ng'ombe kwa kina mama yako. Watu walinicheka. Gwe, mbona unapanda mbele ya mlango wako, unajizibia? Nikawaambia kuna mtoto wa watu anakuja hapa. Atataka kutoka nje, afagie, aimbe, agombane na watoto wake. Atafanyaje, na mimi nimekaa hapa namwona?"

Hakusema kwamba nimekosea. Alinirudishia bakuli, akasema, "Ndaga fijo, asante sana, mwambie chakula kilikuwa kizuri," kama alivyosema kila siku.

Nilipanda kwenda nyumbani kwa kupita palipokuwa na njia. Sasa ilikuwa imenyooka. Nilihesabu hatua bila kutaka, zikatimia hamsini na mbili, na hakuna hata moja ambayo sikuonekana.

Hata hapo, kwa aibu nasema, kichwa changu kilikimbilia kutoa ushauri. Nilikuwa nimeombwa ushauri maisha yangu yote mafupi na watu walioamini cheti, na nilikuwa na ushauri mmoja tayari. Nilimkuta Mama jikoni, machozi ya moshi yakimtoka, nikakaa kwenye gogo, nikamweleza kwa upole kwamba labda pengo lile lilikuwa nafasi. Kwamba yeye na Babu wote ni watu wazima sasa, baba hayupo, kanisa limeruhusu, wangeweza siku moja kusalimiana tu na mambo yakaisha.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Tunasalimiana kila siku," alisema.

Ndipo akanieleza. Babu akitoka nje asubuhi hukohoa mara moja, kikohozi cha kujilazimisha, ili Mama ajue ametoka. Mama akiwa uwanjani hugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara mbili. Hiyo ndiyo umeamkaje na nimeamka salama. Kikohozi kisiposikika, Mama hugonga tena. Wamefanya hivyo tangu aolewe. Mwaka ule Babu alipougua mapafu, na sisi sote tukasema tulishtukia tu amezidiwa, Mama alikuwa ameshajua wiki nzima kabla. Kikohozi cha asubuhi kilikuwa kimebadilika. Yeye ndiye aliyemtuma baba akamwangalie.

Sauti zile nilizisikia utoto wangu wote. Nilidhani mzee anakohoa na mama anakung'uta mwiko.

"Sasa nikigonga namgongea nani?" Mama alisema. "Niko nyuma huku. Na yeye naona kakimbilia nyuma."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia nisikate. Alisukuma kuni ndani ya mafiga, akazipuliza.

"Ningekuambia nini? Migomba ibaki kwa sababu namwogopa mkwe? Kaka yako alinisomea ile karatasi yako. Alinitafsiria yote." Aligeuza ndizi kwenye sufuria. "Alisema ulipata alama nzuri."

Hakulisema kwa ukali. Kama angelisema kwa ukali ningepata cha kujitetea. Nilikaa kwenye lile gogo mpaka ndizi zikaiva, na nilipotaka kusema samahani alinipa bakuli, akaniambia nimpelekee Babu kabla halijapoa.

Sijui bado ninaamini nini kuhusu mila ile. Nikiulizwa na binti anayeolewa leo kama akubali kuishi hivyo, nitamwambia aangalie vizuri, asikubali kwa kusukumwa. Wapo waliofungwa nayo kweli. Ila sitaandika tena habari za mwanamke yule bila kumuuliza kwanza anasikia nini asubuhi.

Nilimpigia kaka simu, nikamwambia migomba inabaki na pengo nitalijaza. Alilalamika, akasema ndiyo maana wasomi wanakaa nyumbani. Nilimwambia miche itaingia kwenye mteremko wa juu, tulipokuwa tunalima mahindi. Hilo nililiamua wakati tunaongea, bila daftari. Nilipokwenda kuibeba miche niligundua kwamba wakati mimi nawaza, mingine haikusubiri. Mizizi ilikuwa imetoboa viriba na kushika ardhi chini ya ukingo wa bati. Ile niliyoivuta ilikatika mizizi, na baadhi ikafa. Mitatu sikuigusa. Ipo hapo ukutani mpaka leo, karibu mno na nyumba, na bwana shamba akipita anatikisa kichwa.

Kisha nikapanda machipukizi. Niliyachimbua kwenye mashina ya pembeni, nikaanza kuyapanga kwenye pengo, na hapo nikapata maelekezo mengi kuliko niliyowahi kupata kwa mtu yeyote. Babu alitoa yake akiwa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo. Mama alitoa yake nyuma ya ukuta wa jiko. Babu alisema shimo la tatu lisogee kushoto, kwa sababu hapo jicho linapita. Nilipanda juu kumweleza Mama. Mama alisema likisogea kushoto, njia itapinda vibaya na mtu aliyebeba kitu cha moto atajikwaa, mwambie lisogee nyuma kidogo. Nilishuka. Babu alifikiri, akasema anasema kweli, lisogee nyuma. Nilipanda na kushuka hivyo mchana kutwa na matope mpaka magotini, na kufikia jioni njia ilikuwa imepinda mara tatu.

Lakini chipukizi la mgomba ni fupi kuliko goti. Lingehitaji miezi mingi kumficha mtu. Nilipendekeza kutundika mkeka wa zamani. Babu alisema upepo utauchukua, Mama alisema utaonekana kama tuna msiba. Wote wawili wakaendelea kukaa nyuma ya nyumba zao, kwenye kivuli, nami nikaendelea kubeba bakuli nikiwa nimeinamisha kichwa.

Wiki moja baadaye ukungu ulirudi, ule mzito wa baridi unaokaa mpaka mchana. Nilitoka na chakula cha Babu, nikafika katikati, kati ya machipukizi, na nilipogeuka nyuma nyumba yetu haikuwepo. Mbele, nyumba ya Babu haikuwepo pia. Kulikuwa na weupe tu, ukipita polepole na kuacha matone kwenye nyusi zangu, na bakuli likinichoma vidole. Nilisimama kama nilivyokuwa nasimama utotoni.

Juu nilisikia mlango, kisha hatua za Mama zikija uwanja wa mbele, kisha beseni likiwekwa chini. Chini, miguu ya kigoda iliburutwa kwenye kibaraza. Nilizuia pumzi. Babu alikohoa, mara moja.

Huko juu kimya kilikuwa kirefu kidogo. Labda alikuwa anatafuta mwiko. Kisha ukagonga sufuria, mara mbili.

Nilisubiri mpaka sauti imalizike kwenye ukungu, ndipo nikashuka na bakuli.